Mwaka Tulioondoa Vitu vya Elia

Mama Elia tumemzika Jumamosi iliyopita huko Machame, kwenye kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, pembeni ya kaburi la mwanawe. Udongo ulikuwa umelowa na viatu vyetu vyote vilirudi vyekundu. Baada ya ibada watu walikaa chini ya turubai kula, na mimi, niliyekuwa nakwepa kukaa karibu na mtu wa kunihoji, nikajikuta nimebanwa kiti kwa kiti na Shafii. Hatukuwa tumeonana kwa miaka. Ndevu zake zimeingia mvi, kofia bado anaivaa imeinamia sikio moja, na alikuwa amepanda kutoka mjini mapema ili awahi kushika jembe kaburini. Tulikula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Mkwe mmoja wa ukoo ule, mwanamke aliyeolewa miaka ya karibuni asiyetufahamu, alipokuja kutuongezea mchuzi aliuliza kwa heshima sisi ni ndugu wa marehemu kwa upande upi. Simlaumu. Msiba ni wa Walutheri, na hapa amekaa mwanamume mwenye kofia ya Kiislamu na mwanamke mwenye rozari mkononi. Shafii akamwambia, "Sisi tulifanya kazi na mtoto wake, Elia. Zamani." "Kazi gani?" Shafii akanitazama kwanza. "Mwaka ule wa mwisho? Tulikuwa tunaondoa vitu kwenye kompyuta." Yule mama akacheka kidogo kwa adabu, akaenda meza nyingine. Jibu lilikuwa kweli tupu, lakini tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kumjibu mama yule vizuri zaidi.

Chumba chetu kilikuwa Majengo, mjini Moshi, uani kwa mama yake Shafii, kikitazamana na ukuta wa fundi cherehani. Kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, meza mbili, kitanda cha Elia nyuma ya pazia, na kompyuta moja nzito ya mezani ambayo Elia aliinunua ikiwa imetumika na kuileta mwenyewe imefungwa ndani ya blanketi. Asubuhi mama Shafii alitupitishia vitumbua kwenye sahani ya bati iliyofunikwa na sahani nyingine, na hakukubali kamwe irudi tupu, kwa hiyo tulikuwa tunairudisha na ndizi alizoteremsha Elia kutoka kwao. Mchana fundi na wateja wake walizungumza upande wa pili wa ukuta kana kwamba sisi ni viziwi. Nilijua binti gani gauni lake la harusi limekuwa dogo na kwa sababu gani, na baba gani anashonesha suti ya kwenda kuombea msamaha ukweni. Nikiulizwa leo nilijifunzia wapi kazi yangu, huwa nasema chuoni, maana ndilo jibu linalokubalika. Ukweli ni kwamba nilijifunzia ndani ya kelele za cherehani ile.

Tulikuwa watatu na kila mtu alikuwa na lake. Elia ndiye aliyejua kuandika programu. Shafii alikuwa fundi wa vyuma: simu, nyaya, modemu, chochote kinachofunguka kwa bisibisi. Mimi, Redempta, mtoto wa Kirua Vunjo niliyemaliza chuo bila kujua nimalizie wapi maisha, kazi yangu ilikuwa kupanda Machame na kuwafundisha akina mama wa kikundi cha maziwa kusoma ujumbe tuliowatumia. Kila asubuhi walipeleka maziwa kwenye kituo chao, karani akapima, akatuma vipimo kwetu kwa simu, na kompyuta ile ikamwandikia kila mama ujumbe wake: maziwa yako yamepokelewa, lita kadhaa, au maziwa yako yamekataliwa. Kabla ya hapo mama alikuwa anakwenda kwa maneno ya mdomo, na maneno ya mdomo yalikuwa na ugomvi mwingi. Kichagga changu cha Vunjo na chao cha Machame havikutani vizuri, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, na wao walinicheka kwa kila neno la kwetu lililoniponyoka.

Elia alikuwa na ugonjwa mmoja, na naueleza kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatoka hapo. Python, lugha tuliyoandikia programu ile, ina mtumishi wake anayeitwa pip. Unamtajia jina la kitu unachokitaka, naye anakwenda kwenye ghala kubwa lililoko mtandaoni, anakuletea. Vitu hivyo tulikuwa tunaviita pakeji. Kila pakeji ni kazi iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine, mahali pengine duniani, akaiacha wazi ili wewe usianze mwanzo. Ukimwambia pip alete, analeta. Ukimwambia atoe, anatoa. Elia alikuwa mtu wa kuleta. Akisikia kuna pakeji ya kuchora ramani, ataileta. Ya kukokotoa hesabu ambazo hakuna mtu Moshi nzima aliyezihitaji, ataileta. Alileta mpaka ya kutambua sura, kwa sababu alitaka kompyuta siku moja imtofautishe ng'ombe wa mama yake na ng'ombe wa jirani. Na pakeji haiji peke yake. Inakuja na zile inazozitegemea, nazo zinakuja na zao, kama mgeni wa harusi uliyempa kadi moja akaja na shangazi, na shangazi akaja na jirani. Bando la wiki lilikuwa linakwisha Jumatatu. Shafii alikuwa anamwambia, "Wewe Elia, mashine itakuja kutapika," na Elia anajibu, "Tulia mwanangu, nafasi ipo," huku anaandika jina lingine.

Siku za katikati ya wiki Elia alikuwa analala Majengo, na mama yake alinung'unika. Nilimsikia mwenyewe, tukiwa jikoni kwake, akisema kwa sauti ya kutaka isikike mpaka zizini, "Mtoto anaamka mjini, anakunywa chai ya watu, hata kujua mama yake ameamkaje hana habari." Elia alicheka, lakini lilimwingia. Wiki ile ile aliandika pakeji yake mwenyewe, ndogo, akaiita salamu. Kazi yake ilikuwa kwamba kila asubuhi, kabla ya habari za maziwa, kwenye simu ya mama Elia unaingia ujumbe: Shikamoo mama. Ni Elia. Umeamkaje. Shafii alimcheka mpaka akakaa chini. "Mvivu huyu! Ameajiri mashine imwamkie mama yake!" Elia hakujali. Mama yake naye hakujali kwamba ni mashine. Au sijui kama alijua. Ujumbe ukiingia alikuwa anaushika mbali na macho, anausoma taratibu, halafu anaijibu simu kwa mdomo, "Marahaba, baba," kisha anaifunga tena kwenye pindo la khanga na kuendelea kukatia ng'ombe majani.

Masika ya mwaka ule Elia alifariki. Pikipiki iliteleza kwenye mteremko wa barabara ya Machame, mchana kweupe, akiteremka peke yake na mkungu wa ndizi nyuma. Sina zaidi la kusema juu ya hilo, na hata sasa, nikipita pale, natazama upande mwingine. Tulimzika. Tulilala msibani, mimi jikoni na wanawake, Shafii nje na wanaume, na asubuhi ya pili baada ya maziko nilikuwa nimesimama karibu na zizi na ndoo mkononi wakati simu ya mama Elia ilipolia ndani ya khanga yake. Sote tulikuwa tumeisahau mashine. Hakuna aliyekuwa ameizima. Ilikuwa Majengo, chumba kimefungwa, inaendelea na kazi iliyoagizwa. Mama aliifungua khanga, akaushika ujumbe mbali na macho. Shikamoo mama. Ni Elia. Umeamkaje. Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi waliweka visu chini. Nilidhani ataanguka. Akasema, "Marahaba, baba," kwa sauti ile ile ya siku zote, akaifunga simu, akainama kuchukua majani.

Aliendelea hivyo kila siku ya matanga. Watu walianza kunong'ona, kwanza jikoni, halafu kwenye pombe ya mbege. Wengine walisema aachwe, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengine walisema si vizuri, mwanamke anamwitikia maiti, itamfika siku ataitwa na ataitika. Mimi na Shafii tulikuwa tunatazamana bila kujua la kufanya. Kuizima mashine ilikuwa ni kuwazimia akina mama wote ujumbe wao, na kuiacha ilikuwa ni kumwacha mama huyu mmoja pale alipokuwa. Nilimwonea huruma, na nitasema ukweli, niliionea wivu ile sauti yake. Mimi nilikuwa nimempoteza Elia kabisa. Yeye alikuwa bado ana dakika moja naye kila asubuhi.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Kwao ilikuwa desturi kwamba kila kitu cha marehemu kinainuliwa juu mbele ya watu, kinatajwa jina, mama mzazi anakubali kwa mdomo wake, ndipo kinapewa mtu. Kisichotajwa hakitoki. Shati liliinuliwa, likatajwa, likapata mtu. Koti, viatu, panga, redio. Aliyeongoza alikuwa mzee Ndetaramo, baba mdogo wa Elia, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani. Ilipofika zamu ya kompyuta, ambayo hakuna aliyeweza kuiinua kwa kuwa ilikuwa Majengo, alisema, "Kompyuta ibaki kwa kikundi cha maziwa. Kazi ya akina mama iko mle. Lakini hatugawi koti lenye vitu mfukoni. Vya Elia vitolewe, vya kikundi vibaki." Akamgeukia mama Elia, akapunguza sauti. "Na ile salamu, shemeji. Ile nayo ni ya Elia." Mtu mmoja nyuma akatia neno, asiyekuwepo na lake halipo. Methali ile siku nyingine inachekesha. Siku ile nilitamani kumtupia kigoda. Mama Elia alitazama mikono yake. Akasema, "Vitolewe kwa desturi. Nitakuwepo, na vitajwe."

Akaja Majengo siku ya soko, baada ya mzee Ndetaramo kumleta mpaka mlangoni na kukataa kuingia. Alikuja na mtungi wa maziwa ya mgando na ndizi za kumpa mama Shafii, akaamkiwa na nyumba nzima, akatazama kitanda cha mwanawe nyuma ya pazia, akakaa kwenye kiti tulichomwekea mbele ya kompyuta. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kumwona daktari. Tulianza na folda yake. Picha zake tulizihamishia kwenye flashi tukampa mkononi, na yaliyobaki, maandishi na majaribio yake yote, tuliyataja moja moja na kuyafuta. Halafu tukaingia kwenye pakeji. Zilikuwa nyingi mno, mashine ilikuwa imejaa pomoni, na mimi na Shafii hatukujua ipi ni ya nani. Shafii ndiye aliyekumbuka kwamba kompyuta ile ilitunza amri zote Elia alizowahi kuiandikia. Ukibonyeza mshale wa juu, maneno yake yanarudi, amri baada ya amri, pamoja na makosa yake ya kuandika kwa haraka. Tukakubaliana, mimi, Shafii na mama, na ilionekana haki kabisa: alichokiita Elia kwa mkono wake ni cha Elia, kinatajwa na kutolewa. Kilichokuja kimefuatana na wengine hakikuitwa naye, kibaki.

Mtu wa kompyuta akisoma hapa atashika kichwa. Hivyo sivyo pakeji zinavyoondolewa. Unauliza nani anamtegemea nani, unafuata mizizi. Huulizi nani alimwalika. Na pip naye, mtumishi mtiifu yule, hakutuonya. Ukimwambia atoe kitu anakitoa, hata kama wenzake watano wamekiegemea. Analolitaka ni neno moja tu. Anauliza, uendelee? Halafu anasubiri. Lakini sisi tulikuwa tumetoka kwenye matanga, vichwa vyetu vilikuwa vinagawa nguo. Shafii anasoma jina, mimi namwambia mama kazi yake, mama anakubali, Shafii anaandika. "Hii ni ya kuchora ramani, mama." "Ramani ya wapi?" "Ya popote." "Aliitumia?" "Hapana, mama." "Itoke." Shafii alipofika kwenye ile ya kutambua sura, nikamweleza mama habari ya ng'ombe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona akicheka. "Ng'ombe wangu ana pembe moja! Alihitaji mashine kumtambua ng'ombe wa pembe moja?" Tulicheka sote, kicheko kikatusaidia kwa muda, na fundi cherehani upande wa pili akanyamazisha mashine yake asikilize kuna nini.

Kisha Shafii akafika kwenye salamu, na hakuisoma. Aliondoa mkono kwenye kibodi akaniangalia mimi. Ikabidi niitaje mimi. "Hii ndiyo ile inayokuamkia asubuhi, mama. Inaitwa salamu. Hii hakuileta kutoka popote, aliiandika mwenyewe." Mama Elia aliuliza imeandikwa wapi, nikamwonyesha neno lile kwenye kioo. Alilitazama muda mrefu. Mama Shafii, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, akarudi nyuma kimyakimya. Mama Elia akasema, "Mzee Ndetaramo anadhani mimi nimepotewa na akili. Sijapotewa. Najua mtoto wangu yuko wapi, nimemwaga udongo juu yake kwa mkono wangu. Lakini ikilia ile simu, moyo wangu unakimbia kabla yangu. Kila asubuhi unakimbia, halafu lazima niurudishe. Nimechoka kuurudisha." Akavuta pumzi. "Itoke." Shafii akaandika amri. Pip akauliza, uendelee? Shafii hakubonyeza. Mimi nilikuwa nalia, sikuona kitu. Mama akauliza, "Inasubiri nini?" Nikamwambia, "Inasubiri tuseme ndiyo, mama." "Ndiyo yake iko wapi?" Shafii akamwonyesha herufi na kitufe kikubwa cha pembeni. Mama Elia akanyoosha kidole, kigumu kwa kukata majani, akabonyeza kimoja, kisha kingine. Ikatoka. Alikunywa chai yake yote, akaaga kila mtu, akaondoka.

Kesho yake asubuhi hakuna mama hata mmoja Machame aliyepata ujumbe. Tulidhani ni mtandao, halafu tukadhani ni modemu, Shafii akaifungua na kuifunga. Mchana, simu zilipozidi, nikaiendesha programu kwa mkono nitazame, ikakataa kuanza. Ilisema haioni kitu kinachoitwa salamu. Niliisoma mara kadhaa. Halafu kwa mara ya kwanza nikafungua ndani ya programu ya maziwa aliyoiandika Elia, mahali ambapo sikuwahi kuona sababu ya kutazama, na nikaelewa. Tulikuwa tumefikiri maziwa ndiyo kazi na salamu ni mzaha wake wa pembeni. Kumbe baada ya kuiandika ile shikamoo ya mama yake, na kuona inafika vizuri, Elia aliichukua hiyo hiyo akaijengea juu yake yote mengine. Kila ujumbe wa kila mama wa kikundi kile ulikuwa unapitia kwenye salamu. Tuliitoa kama kitu chake binafsi, tukiwa na idhini ya ukoo mzima, na ghala la mtandaoni halikuwa nayo hata tuombe vipi, maana haikuwahi kutoka pale chumbani. Nakala yake ya asili ilikuwa kwenye folda ya Elia, nayo tulikuwa tumekwisha kuifuta kwa kuitaja faili kwa faili.

Nilimpigia mzee Ndetaramo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi rudisheni, akina mama watatuelewa." Nikamwambia hairudi. Akauliza kama Elia hakumwachia mtu nakala nyingine, nikasema hapana. Akasema, kwa sauti isiyo ya kanisani kabisa, "Binti yangu, mimi nilitaka tu shemeji apumzike." Nilijua hivyo. Sijawahi kumchukia mzee yule, ingawa nilijaribu kwa wiki moja nzima.

Ikabidi mtu aandike upya, na mtu huyo nikawa mimi, si kwa sababu nilijua bali kwa sababu Shafii alisema yeye akiona mistari ile macho yanamwuma. Nilikaa kwenye kiti cha Elia. Nilisoma kila kitu alichoacha kwenye programu ya maziwa, nikijifunza alivyokuwa anafikiri, na kulikuwa na siku nilimkasirikia kwa uzembe wake na siku nilimwogopa kwa akili yake. Nilijifunza kumwuliza pip maswali kabla ya kumpa amri. Kwa majuma yale nilikuwa napanda Machame na kuwatajia akina mama vipimo vyao kwa mdomo, na ugomvi wa zamani ukarudi, na wao wakanivumilia kwa mtori na maneno makali. Mama Shafii alikuwa anaweka vitumbua mlangoni na kumwambia fundi upande wa pili apunguze sauti, mtoto anasoma. Sikuwa mtoto tena, lakini niliyapenda maneno yale. Siku moja ujumbe wa majaribio ukaingia kwenye simu yangu, na Shafii akapiga kelele mpaka jirani wakatoka nje. Kesho yake akina mama wote wakapata wao. Niliuandika mfupi na safi: jina la mama, lita, zimepokelewa. Wa mama Elia niliuandika kwa uangalifu kuliko wote, nikahakikisha hakuna humo neno lolote litakalomkumbusha.

Mama Elia aliteremka siku ya soko iliyofuata. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti kile kile. Akatoa simu kwenye khanga na kuiweka mezani. "Redempta, mashine hii sasa umeiandika wewe?" Nikasema ndiyo, mama, na nilikuwa nangoja pongezi, sitaficha. "Umefanya vizuri. Akina mama wanashukuru. Lakini mimi unaniandikia, lita sita zimepokelewa. Basi. Kama karani wa mahakama." Nikamwambia tuliogopa kumwumiza, kwamba ile shikamoo ilikuwa ya Elia na yeye mwenyewe alisema itoke. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyemwaga maziwa akiwa na macho yake mawili. "Nilitoa ya Elia. Elia amekufa. Nimemzika, na hapa nikabonyeza kwa kidole changu. Na ninyi, mmekufa? Mnaniandikia kila asubuhi, watu wazima, mko hai, mnakunywa chai, na hakuna hata mmoja wenu anayeniamkia." Shafii aligeukia ukutani. Tulikuwa tumehangaika muda wote ule na salamu ya maiti, tukiipima, tukiihofia, tukiikalia vikao, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mama yule alikuwa amebaki hana mtu wa kumwitikia.

Programu ile ilidumu miaka mingi, mpaka kikundi kilipopata nyingine bora, na sikuiandikia shikamoo. Niliona si kazi ya mashine. Tangu kesho yake nilikuwa namwandikia mwenyewe, kwa simu yangu, kabla sijanywa chai: Shikamoo mama. Ni Redempta. Umeamkaje. Baadaye alijifunza kujibu kwa maandishi, na jibu lilikuwa lile lile, Marahaba mwanangu, tumeamka, siku nyingine na habari ya ng'ombe, siku nyingine na lawama kwamba sijapanda kumwona. Nilimwandikia nikiwa Moshi, nikiwa Dodoma, nikiwa wodi ya wazazi, na siku niliyofunga ndoa. Alinijibu hata alipolazwa, herufi zimechanganyika. Jumatano ya wiki iliyopita nikaandika kama kawaida. Chai ikapoa mezani. Nikaiwasha simu tena na tena, ujumbe wangu uko pale, umefika, hauna kitu chini yake. Sikungoja mtu wa Machame anipigie. Nilimwambia mume wangu atoe gari, nikaingia chumbani kutafuta khanga.